Dume Langu Halikukatishiwa Dozi

Mwaka 1966, nikiwa na miaka tisa, baba alikufa nikaanza kuchunga ng'ombe wa watu hapa Kishapu. Shule niliiona kwa mbali, ila mali niliitafuta nikaipata. Kwa hiyo juzi juzi kijana wa udaktari aliponiambia moyo wangu umechoka, nimeze vidonge kila siku na nisikatishe dozi, nilimwona mtoto. Mimi dawa huijaribu kwanza kwa ng'ombe.

Dume langu nalo lilikuwa linahema. Nikalisagia vidonge kwenye pumba. Likakojoa kutwa, kuhema kukapungua. Basi ningelikatishiaje dozi? Nikaendelea kulipatia vidonge, huku miguu yangu ikivimba na pumzi ikinikata hata nikilala.

Kliniki niliapa mbele ya wagonjwa wote: "Vidonge vimeisha, dawa yako haifai!"

"Ulimeza mwenyewe, babu?"

Nikakohoa. Mke wangu, Mama Masanja, akadakia, "Daktari, huyu unampima bure. Aliyemaliza dozi yuko zizini, anakula majani."

Benchi zima liliangua kicheko.

Leo nina nyumba ya bati, trekta, mashine ya kusaga, zizi lililojaa, na vidonge vipya ambavyo Mama Masanja amevifungia kabatini.