Swali Moja la Mama Kendi

Haya, wajukuu na nyinyi majirani, sogezeni viti. Na wewe unayecheka kabla sijaanza, funga mdomo kwanza, maana leo naongea juu ya midomo.

Siku ya kwanza kazini niliandikwa kufagia. Ilikuwa mtaa wa Dallas, pale Embu, kwa darasa la watu wazima la kunyoosha matamshi ya Kizungu: manesi, askari wa geti, wasichana wa kwenda Uarabuni. Dairekta akaniambia, "Mzee, wewe ni ufagio na maji, basi." Lakini kabla ya chai nikacheka kitu, na mwalimu, tulimwita Madam wa Matamshi, akaona hili pengo langu la mbele. Ndama anaweza kupita hapa bila kuinama. Madam akapiga kelele, "Dairekta, huyu asifagie! Ulimi wake unaonekana kama kwa dirisha!"

Hivyo nikawa ulimi wa kuonyesha. Madam akitaja sauti, mimi naweka ulimi mahali pake, darasa linachungulia. Kizungu sikujua, na mpaka leo sijui, lakini nilikitamka kama redio. Kulikuwa na mshumaa: ukisema p mbele yake, moto lazima utingishike. Jamaa mmoja wa Mbeere alipuliza mpaka stima ikapotea, taa zikazima Embu nzima. Halafu kulikuwa na kubana pua. Sisi watu wa huku d tunaianzia kwa pua, daughter inatoka ndota. Ukibana pua, ile n inakosa mlango, d inabaki peke yake.

Baadaye mimi na Madam tukahamishiwa Meru, chumba kimoja mtaa wa Majengo, juu ya bucha. Tukifundisha, shoka nalo linajibu huko chini. Hapo ndipo Mama Kendi alitupata, mkulima wa viazi kutoka Kibirichia. Msichana wake Kendi alienda Uarabuni kazi ya nyumba, simu yake ikazima. Ofisi iliyomwajiri huko ilikataa kuongea na mtu yeyote isipokuwa mzazi mwenyewe, tena kwa Kizungu. Na yeye akiongea, wanasema hawamwelewi, wanakata.

"Madam, Kizungu yote sitaki," alisema. "Nipe swali moja tu, msichana wangu yuko wapi. Where is my daughter."

Alikuja kila siku ya soko, gumboots na matope yake. Alibana pua mpaka ikawa nyekundu kama nyanya.

"Mzee, hebu fungua hiyo dirisha yako tena."

"Mama Kendi, utanimaliza ulimi."

"Ulimi utapumzika Kendi akifika."

Aliniambia hata viazi shambani vimejua hilo swali, vikichimbwa vinauliza.

Sasa nimestaafu, na pengo limekula majirani wake wawili. Watu huniuliza kama naikosa ile kazi. Nawaambia sisi tulifunza mdomo, na mdomo ni nusu ya mtu. Masikio hatukuwa na dawa yake. Hiyo niliijua siku Madam aliweka simu juu ya meza, akafungua sauti darasa lote lisikie, akapiga ile ofisi.

Mwanaume akashika. Mama Kendi akabana pua, akaachilia, akauliza. Wajukuu, lilitoka safi! Mzungu mwenyewe angeomba afundishwe. Yule mtu hakusema hajaelewa, wala hakukata. Akauliza jina la msichana, Mama Kendi akasikia "name", akamtajia. Karatasi zikasikika, kama anatafuta. Halafu akajibu polepole, kwa sauti ya chini, maneno mengi. Akamaliza, simu ikakatika.

Mimi nikaanza kupiga makofi. Nikapiga peke yangu. Darasa lote lilikuwa limeinamisha vichwa, na Madam ameshika meza kwa mikono miwili. Wenye vichwa juu tulikuwa mimi na Mama Kendi, wawili tusiojua Kizungu, na yeye bado alikuwa anatabasamu. Akatuangalia mmoja mmoja.

"Mbona mmenyamaza? Kwani nimetamka vibaya?"