Wino wa Kijani wa Noelene

Noelene Pruett amekuwa akisimamisha magari mbele ya shule yetu, watoto wavuke barabara, kwa miaka kumi na tisa. Kabla ya hapo alichambua sufu kwenye mabanda ya kunyolea kondoo, na vidole vyake bado vinaonyesha. Anamjua kila mtoto kwa jina, na kila mbwa wa kila mtoto. Septemba, kunguru weupe-weusi wanapotaga mayai na kuwashukia watu vichwani, yeye hawamgusi.

Mimi sikumwamini hata kidogo. Mtu hana mtoto wala mjukuu shuleni, zamu yake inaanza saa mbili, yeye saa moja na nusu keshakaa kwenye benchi la kivukoni na kofia yake ya majani. Ana lake jambo, nilijisemea. Mimi ni karani wa ofisi ya shule, kushuku ni nusu ya kazi yangu.

"Leanne, wewe ulizaliwa na king'ora kichwani," alizoea kunitania nikipita mbio na funguo mkononi. "Kaa kidogo, mama, hata chai haikimbizwi hivyo."

"Wengine tuna kazi, Noelene."

Watoto wa darasa la kwanza huenda nyumbani na kitabu cha kusoma na kidaftari. Kila jioni mtoto anasoma, mtu mzima wa nyumbani anasikiliza na kutia sahihi. Sahihi hamsini, mtoto anapewa cheti Ijumaa mbele ya shule nzima. Mwalimu wao ndiye huhesabu, lakini wiki ile alilazwa na mafua, kikapu cha vidaftari kikaletwa kwangu.

Cha tatu kilinishtua. Wino wa kijani, herufi mbili: N.P. Cha tano, hivyo hivyo. Nilipomaliza nilikuwa na vidaftari kumi na kimoja vya familia kumi na moja, vyote kwa mkono mmoja. Cha binti yangu Tahlia sikukifungua. Baba yake ndiye humshusha shuleni asubuhi, na ndiye husikiliza jioni, mimi nikirudi nina vyombo na nguo.

Nilifurahi, siwezi kukana. Nimekunasa, bibi wee! Sikumuuliza Noelene lolote, nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, Bwana Keogh, na barua ya kwenda halmashauri, inayomlipa Noelene, nikaichapa mwenyewe: aondolewe kivukoni, anaghushi sahihi za wazazi. Ilibaki mkuu aitie mkono tu.

Asubuhi iliyofuata Noelene aliitwa ofisini kwa mkuu. Alikaa na kibao chake cha kusimamisha magari magotini.

"Sahihi ni zako?" Bwana Keogh aliuliza.

"Zangu. Lango linafunguliwa saa mbili na nusu, wazazi wanawashusha mapema wawahi kazini. Watoto wanapigwa baridi pale nje. Basi wananisomea benchini, mmoja mmoja."

"Inatakiwa mtu wa nyumbani," nilidakia.

"Wa nyumbani wamechoka, Leanne. Ningeacha mistari mitupu, mtoto akose cheti?"

"Na wazazi hukuwaambia kwa nini?" nilimuuliza.

"Niwaambie nini? Kwamba hawasikilizi? Wanajua." Aliangalia vile vidaftari mezani. "Halafu ni kumi na viwili."

"Kumi na kimoja. Nimehesabu mwenyewe."

"Hesabu tena, mama," alisema polepole, na safari hii hakuwa akinitania.

Nilirudi kwenye kikapu. Kidaftari cha Tahlia kilikuwa chini kabisa. Wino wa kijani tangu Machi. Baba yake alidhani nasikiliza mimi, nami nilidhani yeye. Pembeni, penye nafasi ya maoni, Noelene aliandika siku ya arobaini na tisa: "Leo kamaliza kitabu chote bila msaada. Hataki kunisomea mara ya hamsini. Anasema hiyo anamwekea mama, siku atakayokaa."

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Kisha nilirudi kwa Bwana Keogh, nikaichukua ile barua mbele yake, nikaikunja.

"Ni kumi na viwili," nilimwambia. "Na leo natoka saa tisa. Kuna mtu ananisubiri nikae."