Beringi za Gari la Shangazi

Fundi wa shangazi yangu huongea na injini kuliko anavyoongea na watu. Huigonga kidogo kwa kifundo cha kidole, huitegea sikio, kisha hujifuta vidole kimoja kimoja hata vikiwa visafi. Alipoliona gari la michezo la shangazi, kuukuu la milango miwili, alitaka beringi za injini zibadilishwe mapema.

“Haliumwi, fundi, unalipasulia nini?”

“Likianza kulia, mama, tutazika injini nzima.”

Shangazi alikubali kwa shingo upande. Injini ilipofunguliwa, fundi alimwekea beringi moja kiganjani. Ilikuwa imelika mpaka shaba ya ndani inaonekana. Shangazi akanywea, maana wiki ile alikuwa na safari ndefu, peke yake. Fundi hakumsimanga. Alifunga mpya, akikaza kila boliti huku akiibembeleza injini, “Taratibu, bibie.” Lakini ulipofika wakati wa kuwasha alimwachia shangazi ufunguo, akatoka nje, akaugeukia ukuta, mikono kichwani, kama mume nje ya chumba cha kujifungulia. Kitambo kikapita. Akachungulia mlangoni.

“Mbona huwashi, mama?”

“Mbona limewaka zamani, baba!”

Fundi aliitegea injini sikio, akausikia mngurumo wake laini, akacheka mpaka akakaa chini.