Saa ya Ndege na Dole Gumba Langu

Mimi Shabani fundi baiskeli, niliyeanza na spana moja na pampu ya kuazima pale Mwembesongo mpaka nikajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, sakafu ya saruji, bati juu, nilikuwa nawaambia watu kila siku kwamba duniani hakuna kitu cha kunishangaza. Nimeshaona yote, nasema, mafuriko nimeona, magari ya kila aina nimeona, Wazungu nimewatengenezea pikipiki zao wakanishika mkono. Basi aliyekuja kunishangaza ni ndege wa mbao, mdogo kuliko kidole changu, na aibu niliyoipata mbele ya kaunta ya posta ni ya namna ambayo hadi leo nikipita mtaa ule navuta kofia usoni (na hainisaidii, wananijua kwa mwendo).

Yalianza hivi. Binti yangu Zaituni alipata mchumba, kijana mzuri, na harusi ikapangwa baada ya mavuno. Sasa sisi huku, binti akiolewa, mwenye sauti ni mjomba, siyo baba. Mjomba wa mke wangu, Mzee Mkude wa Bigwa, ndiye mkubwa wa ukoo wao, na ndiye wa kusema harusi itafanyika nyumba gani. Miaka ishirini mzee yule ananiita "kijana wa baiskeli". Nina mvi, ananiita kijana wa baiskeli. Nikamwomba harusi iwe kwangu, akatafuna ugoro wake, akasema, "Nitaangalia." Mimi hilo "nitaangalia" likaninyima raha, maana mtaa mzima nilishawaambia harusi ni kwangu, na hata mahali pa kufunga turubai nilishawaonyesha.

Nikafikiri, nyumba ninayo, viti ninavyo, redio ninayo, kimepungua nini? Nikamkumbuka Bwana Hansi, fundi mmoja wa Kijerumani aliyekuja kutengeneza barabara, ambaye nilimtengenezea pikipiki mara tatu bila kuchukua hela, na siku anaondoka akaniambia kwa Kiswahili chake kile kile cha kukatakata, "Shabani, wewe taka kitu, andika mimi." Alishanionyesha picha ya saa ya ukutani ya kwao, nyumba ndogo ya mbao, saa ikigonga dirisha linafunguka ndege anatoka anaita. Nikasema, hiyo! Mjomba akikaa sebuleni kwangu ndege akamtokea juu ya kichwa, ataniita kijana tena?

Kuandika sijui, hilo nalikubali. Hela nazihesabu kuliko karani wa benki, lakini herufi mimi na zile tulikuwa hatusalimiani. Darasa la kisomo cha watu wazima lilikuwepo kwenye ofisi ya tawi la chama, mke wangu anakwenda kila siku na daftari lake kwapani, na mimi nilikuwa namcheka: "Mama Zaituni, leo mmefundishwa ba be bi?" Basi nikaenda kwa yule mzee anayewaandikia watu barua kwenye baraza ya posta, nikamtajia maneno yangu, akaandika. Alipofika mwisho akainua kalamu.

"Fundi, kitu kutoka nje kina ushuru, unajua?"

"Kiasi gani?"

"Wanavyokiona wao. Lakini vifaa vya elimu wanasamehe. Mwambie rafiki yako aandike kwenye fomu kwamba ni kifaa cha kisomo."

Nikaona huyu ndiye mtu mwenye akili Morogoro nzima. "Andika," nikamwambia. Neno moja tu hilo. Nilichosahau ni kwamba Mjerumani ukimwambia kitu ni cha kisomo, anaamini.

Miezi ikapita, nikaletewa kikaratasi cha posta, mzigo umefika. Afisa wa forodha alikuwa anafika Jumatano tu, na Jumatano ya kwanza ningeweza kwenda zangu kimya kimya nikachukua saa yangu nikarudi. Mimi yule? Nikaiacha ipite, nikatuma watu Bigwa kumwalika Mjomba, nikawaambia na majirani, na Jumatano ya pili tukaenda posta kama watu kumi na tano, mimi mbele na shati la kaunda, soksi ya kulia nimetia shilingi mia mbili kwa lolote litakalotokea.

Afisa alikuwa kijana wa kutoka mkoa mwingine, mpole, miwani imekaa kwenye ncha ya pua. Akasoma karatasi zake.

"Ndugu, hapa pameandikwa kifaa cha kisomo."

"Ndiyo, ndugu afisa. Saa ya kisomo."

"Na wewe huko kwenye kisomo ni nani?"

Wallahi sijui neno lile lilitokea wapi. "Mwalimu," nikasema. Nyuma yangu nikasikia mke wangu anakohoa.

Kwa sheria lazima mzigo ufunguliwe mbele ya mwenyewe. Akakata kamba, akatoa majani makavu, akainua saa. Jamani, ilikuwa nzuri! Mbao imechongwa majani, minyororo miwili inaning'inia, na afisa alipozungusha mshale hadi juu dirisha likafunguka, ndege akatoka akaita, watu wote wakasema "Eeeh!" na mama mmoja akaruka nyuma akamkanyaga mwenzake. Nikageuka kwa Mjomba nimevimba kifua, na hapo nikaona chini ya saa kuna kibao cha shaba chenye maandishi.

"Umeona, Mjomba? Ameandika na jina langu."

Mjomba akainama akakitazama. "Jina lako lina maneno mengi hivi?"

"Ameandika la ukoo mzima."

Ningenyamaza hapo pengine ningepona. Lakini Mama Zaituni alishasogea, akaweka kidole kwenye kibao, akaanza taratibu, midomo inacheza: "Kwa... wa-na-ki... wanakisomo... wa Mwembesongo... kutoka kwa... ra-fi-ki yao... Hansi." Akasoma tena mara moja bila kukwama. Halafu akapiga kigelegele kilichotikisa vioo vya posta.

"Baba Zaituni! Kumbe saa ni yetu! Miezi yote unatucheka, kumbe moyoni umetuagizia saa!"

Wanawake wenzake wa darasani walikuwepo wanne, wakapokea kigelegele. Mmoja akanishika mkono machozi yanamlengalenga. Mimi nacheka kwa meno tu. Nikajilaza kwenye kaunta nikamnong'oneza afisa, "Ndugu yangu, kwa mfano mtu akilipa ushuru wake, akaipeleka nyumbani?"

Yeye hakujua kunong'ona. "Ingeandikwa zawadi yako binafsi, ushuru ni shilingi arobaini na mbili, unaichukua. Lakini fomu inasema ya kisomo, kibao kinasema ya kisomo, na wewe umesema ni mwalimu wa kisomo. Unataka kuniambia fomu ina uongo? Maana uongo kwenye fomu ya forodha una faini, na mzigo tunabaki nao."

Arobaini na mbili! Na mia mbili zinanichoma unyayo!

"Aa, nauliza tu," nikasema. "Kwa kujifunza."

"Vizuri. Basi, mwalimu, andika jina lako hapa kwamba umepokea kwa niaba ya darasa."

Akanipa kalamu. Nikaigeuza huku na huku. Nikajipapasa mfukoni. "Miwani nimesahau."

"Miwani ipi?" Mjomba akauliza. "Tangu lini?"

Watu wakaanza kucheka chinichini. Afisa ameshika karatasi kwa vidole viwili, anangoja, hana haraka hata kidogo. Mwisho nikasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwangu, "Samahani, kuna ule wino wa dole?"

Posta ilipasuka. "Mwalimu anaweka dole!" mtu mmoja akapiga kelele hadi nje, na waliokuwa nje wakaingia kuona. Mjomba alicheka hadi kofia ikaanguka, mke wangu akaiokota huku naye hawezi kusimama sawa. Dole langu lilikaa na rangi ya zambarau siku tatu, nimelisugua kwa mafuta ya taa wapi, na jina la Mwalimu Dole nimebaki nalo.

Saa ilibebwa moja kwa moja hadi ofisi ya tawi ikatundikwa ukutani. Mjomba akanivuta pembeni.

"Mkwe," akasema, (ndiyo, mara ya kwanza!) "nyumba yako nimeiona, sina neno nayo. Na saa umetoa, hata kama hukutaka kuitoa."

"Mjomba, mimi..."

"Nyamaza. Nitakuambia neno moja. Niandikie barua ya kunialika kwenye harusi. Kwa mkono wako. Ipitie posta hii hii. Ikinifikia kabla ya mavuno, Zaituni atatokea kwako. Isiponifikia, tutapikia Bigwa."

Bigwa na Mwembesongo ni mwendo wa miguu, lakini yeye kataka stempu!

Nikaanza darasa Jumatatu, benchi la mbele, chini ya saa yangu mwenyewe. Mke wangu ubavuni ananirekebisha mkono kama ninavyowarekebisha watu wanaoshika spana vibaya. Ndege akiita, darasa zima linasema, "Mwalimu Dole, zamu yako." Miezi minne hiyo. Barua niliiandika Jumapili tatu, nikaifuta hadi karatasi ikatoboka, nikaanza upya. Mistari mitano tu, na chini jina langu, herufi kubwa kama za ubao wa duka.

Siku ya harusi Mjomba aliingia uani kwangu, akakataa kiti, akatoa barua kwenye koti akaisoma mbele ya wageni wote, neno kwa neno, na alipomaliza akaikunja akairudisha mfukoni. "Baba wa binti ameniita," akasema, "nimekuja." Mimi nilikuwa nakagua turubai upande wa pili, kamba zilihitaji kukazwa sana wakati ule.

Tangu hapo fomu yoyote ikiletwa mbele yangu naandika ukweli na ushuru nalipa, na mzigo wangu naufuata peke yangu, tena asubuhi, kabla watu hawajaamka vizuri. Saa bado iko darasani. Ushuru wake sikulipa hata senti moja. Posta walinitoza kwa kutunza mzigo ile wiki niliyokuwa nakusanya watu, shilingi sita; daftari mbili, shilingi moja na senti ishirini; penseli, senti thelathini; stempu ya Bigwa, senti arobaini. Nimejumlisha mwenyewe, kwa mkono wangu, na mke wangu amehakiki: shilingi saba na senti tisini.