Mpaka Usiopigwa Chuma

Mswada wa misitu wa kaunti niliusoma kwenye simu nyuma ya jiko letu, huku Kiambere, mpaka simu ikawa moto mkononi. Sikusomea sheria. Niliishia kidato cha nne, na kila neno nisilolijua nililitafuta mwenyewe. Mimi ni mtu wa kurudia. Sentensi ikipinda, silali. Maoni yangu kwa kikao cha umma yalikuwa sentensi moja tu, nami niliiandika upya hadi nikaichukia.

Ilihusu msitu wa kilima chetu. Ni mdogo, na kuuzunguka ni mashamba makavu na visiki vya wachoma makaa. Mswada ulisema msitu wa jamii utalindwa ukishapimwa na kuwekewa vigingi vya chuma. Lakini mle ndani chuma hakiingii, ni mwiko. Hata anayekwenda kuchota maji kwenye chemchemi huacha panga lake nje. Wapimaji walipokuja zamani na vigingi vyao, wazee waliwarudisha, na guka, babu yangu, ndiye aliyesimama mbele. Wapimaji wakaandika kwamba jamii imekataa. Ndivyo msitu ulivyobaki nje ya ramani, na sasa kijana mmoja wa kwetu alikuwa amefika ukingoni na msumeno wa petroli, akisema anakata kichaka kisicho na mwenyewe.

Nilimkasirikia guka, na nilimwambia.

"Guka, vigingi vichache tu vingetuokoa."

"Kwani mpaka hauko?" akasema. "Nenda ukaangalie chini."

Nilienda. Msitu ulikuwa umezungushiwa itoka, ile mimea yenye mizizi kama vitunguu na maua meupe ambayo watu wa huku walitenganishia mashamba. Anayeing'oa hakuna jirani anayemsalimia tena. Nilikuwa nimeiruka maisha yangu yote nikidhani imejiotea. Nikafuta sentensi yangu, nikaanza upya: mpaka wa msitu wa jamii uonyeshwe kwa vigingi, au kwa mimea ya mpaka inayotambuliwa na majirani wote.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Nilipopewa maikrofoni, nilikunjua karatasi yangu. Nilisoma.

"Madam, wewe ni wakili?" akauliza afisa aliyeongoza kikao.

"Wa simu," mtu akadakia nyuma, na ukumbi ukacheka.

"Wazee wenu ndio walifukuza wapimaji," afisa akaendelea. "Leo mnataka tuandike maua kwenye sheria?"

"Walikataa chuma. Mpaka hawakukataa."

"Sawa, tumesikia. Rudisha maikrofoni."

Nilitamani kuketi kuliko kitu kingine chochote.

"Nitarudisha karani akinisomea alichoandika."

Karani alimtazama afisa, kisha akasoma: "Mkazi ameuliza kuhusu maua."

Watu wakacheka tena, ila safari hii hawakunicheka mimi. Nikasema sikuuliza chochote. Nikamsomea sentensi yangu polepole, neno kwa neno, akaandika. Nikamwomba aisome. Alikuwa ameruka neno majirani, nikamrudisha. Afisa akatazama saa yake.

"Msichana, unatuchosha."

"Najua," nikasema. "Hata nyumbani nawachosha."

Nilikaa chini ilipoandikwa yote.

Mswada bado haujapita, na sijui kama sentensi yangu itafika nao mwisho. Sikuungoja. Upande aliopitia mwenye msumeno, itoka zilikuwa zimekanyagwa zikaisha, kwa hiyo mimi, guka na majirani tulitoa vitunguu vyake mahali viliposongamana, tukavipanda upya pale penye pengo. Tulichimba kwa vijiti vilivyochongwa, bila jembe. Nilipanga mstari wangu kwa kamba, na guka akanicheka.

Kijana alikuja na pikipiki, msumeno umefungwa nyuma. Alisimama akatutazama.

"Sasa hayo maua ndiyo yatanizuia?"

"Yang'oe basi," nikasema.

Hakuyang'oa. Mama yake mwenyewe alikuwa amepiga magoti kando yangu, akifukia kitunguu, na hakuinua kichwa kumtazama.