Shiii ya Karasha

Kule Mwakitolyo, mawe yakitoka shimoni hupelekwa karasha, lile pipa la chuma linalozunguka na gololi nzito ndani, mpaka yawe unga ndipo dhahabu ikamatwe. Pipa hulifungui kila dakika kuchungulia. Unasikiliza. Mawe yakiwa mazima yanasema galagala, galagala. Yakivunjika, kwachakwacha. Yakishakuwa unga ni shiii, basi. Fundi akizima kabla ya shiii, dhahabu inabaki kwenye mchanga, na mchanga ni wa mwenye karasha. Wizi wenyewe ndio huo.

Mimi nilikuwa sikio la watu. Wachimbaji waliniita nisimame pale, niseme "bado" au "zima". Nikisema bado, habishi mtu.

Mwaka huu fundi wetu akaanza tabia. Kwachakwacha inafifia, shiii haijafika, mwenzangu kashazima! Nikimuuliza, anajibu kitu huku kainamia mashine. Hata salamu akaacha kunipa, mtu ambaye ningeweza kumzaa. Sokoni nako wanawake wakiniona wanashusha sauti. Nikasema ahaa, hapa nasengenywa. Kuna jambo limepangwa, na mimi ndiye wanayenizunguka.

Ndipo kaka yangu akaniletea kiroba chake cha mawe, kiangazi kizima cha kuchimba. Akaniambia, "Dada, sina kingine. Kisimamie."

Nikasimama tangu asubuhi, macho kwa fundi. Galagala ikapita, kwachakwacha ikapita, akanyoosha mkono kuzima. Weee! Nilimrukia. "Mwizi mkubwa! Shiii iko wapi?" Watu wakajaa. Fundi akaiacha izunguke. Nikasubiri. Jua likafika utosini, mimi bado nasema bado.

Kaka akanishika bega, akanisogelea sikioni, akapaza sauti. "Dada, inalia shiii muda mrefu!"

Nikamtazama vibaya. Kumbe hata huyu wameshampata? Damu yangu kabisa?

Wakazima, wakafungua. Nikachota, nikasugua vidoleni, laini kama unga wa muhogo. Sikuomba radhi. Nilijiambia wamenichezea mchezo, ila sikujua wameuchezaje.

Jioni nilikuwa jikoni kwa kaka. Wifi aliweka mafuta, yakapata moto mpaka yakatoa moshi, akamimina vitunguu. Nilikuwa nimeinama pale pale. Vitunguu vikarukaruka, mapovu yakavizunguka, na sikusikia kitu. Nikamwomba aongeze vingine. Akaongeza. Kimya.

"Chwaa," nikasema mwenyewe, kwa mdomo wangu.

"Eeh?" wifi akaniuliza, nikaona midomo yake. Nikamwambia moshi umeniingia machoni, nikatoka nje kulia. Miaka yote ile kando ya mapipa, nikisikilizia watu mali zao, na pipa lilikuwa likinila sikio taratibu.

Asubuhi nikaenda karasha. Nilitaka kumwambia fundi anisamehe, na kwamba watafute mtu mwingine wa kusimama pale. Nilimkuta kainama, anapaka mashine grisi. Hakuinuka. Safari hii sikununa, nilizunguka nikapiga magoti upande wa pili nimwone uso.

Midomo yake ilikuwa inamalizia salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "Mwangaluka, mayu."

Sijui ameniamkia hivyo asubuhi ngapi, nami nikimpita nimekunja uso.