Takataka za Kalunde

Kule Kilungu, Kalunde, mke wa Muthama na mama yake Ndululu, alijulikana kwa ufagio. Alifagia uwanja, akafagia chini ya miparachichi, akafagia hata kijia cha jirani ambaye hakumwomba. Jirani huyo ni mimi, na usafi wake ulinichosha.

Mwaka wa 1996 alipanda tena mishiri, yale maharagwe mabichi ya kuuzwa nje, kwenye kishamba kilicho kando ya kijito. Msimu uliotangulia thripsi, vile vidudu vyembamba, walikuwa wameikwaruza yote ikajaa makovu, mnunuzi akaikataa. Muthama akatoa neno: ikiharibika tena, kishamba kitaenda kwa ndugu yake apande majani ya ng'ombe. Kalunde alikipenda kishamba kile kupita kiasi. Ndicho kitu pekee alichokiita changu.

Ofisa wa kilimo, Waithaka, akamletea mkebe wa pumba zenye utitiri.

"Utitiri?" Kalunde akaruka nyuma. "Bwana Waithaka, wa kuku umenishinda, na wewe unaniletea mwingine?"

"Huu haugusi mtu wala kuku, mama. Unakaa kwa udongo. Thripsi wakianguka chini ndio wageuke wakubwa, unawakula. Hautawamaliza wote, lakini utawapunguza. Kitu moja tu: usifagie hapa. Unataka majani ya kuoza na unyevu."

Asifagie! Afadhali angeambiwa aende kanisani bila kitambaa kichwani. Lakini alitandaza majani kati ya mistari, akamwaga zile pumba, na kila alipopita hapo aligeuza uso.

Kilichomponza ni kupendwa. Akina mama wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi, walisikia kwamba wageni wa ofisi ya kilimo watakuja kuona shamba. Wakaona aibu kwa niaba yake. Siku alipoenda soko la Nunguni, wakashuka na mifagio, wakafagia kati ya mistari yote huku wakiimba. Niliwaona nikiwa juu kwenye matuta yangu, nikacheka, nikidhani kwamba Kalunde ameshindwa kuvumilia na kuwatuma.

Aliporudi aliketi palepale mchangani na gauni lake la soko, akalia kwa sauti. "Aiya! Mmenimaliza! Shamba limeenda!" Akawaeleza habari ya utitiri. Kisha akainua uso.

"Na majani mlichoma?"

"Tulimwachia Mutindi achome."

Wote wakamgeukia Mutindi, ambaye uvivu wake ulivuma kuliko ufagio wa Kalunde. Akainamisha kichwa. "Mnisamehe. Jua lilikuwa kali. Niliyarundika tu kwa migomba, nikasema nitachoma kesho."

Kalunde alimkumbatia nusura amwangushe, kisha akakimbilia migombani. Chini ya rundo palikuwa na unyevu bado, na vidudu vya hudhurungi, vidogo kuliko punje ya wimbi, vikatawanyika kujificha. Viondo vikajazwa. Wale wale waliofagia wakarudisha takataka, Mutindi akiwa mbele anatoa amri.

Mishiri mingi ilitoka laini. Muthama alishuka, akachuma mmoja, akaupapasa kwa kidole gumba, akaondoka. Jioni alirudi na gunia begani, akitokea kwa ndugu yake. Kalunde alijua ni vipando vya majani ya ng'ombe.

Muthama akafungua gunia. Lilikuwa limejaa majani yaliyooza.

"Shamba lako bado ni safi sana, mama Ndululu," akasema. "Nimwage wapi?"